Lena Horne anaimba wimbo mmoja, kisha haonekani tena: kwa nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuna kikundi chetu hapa Tanga cha kuangalia filamu za zamani, na siku hizi tumezama kwenye zile za Hollywood za nyimbo na vichekesho. Kuna jambo linatutatiza. Lena Horne anatokea, kapendeza, anaimba wimbo mmoja, basi. Hakuna hata anayemsemesha. Filamu nyingine wote ni Weusi mwanzo hadi mwisho. Nyingine Mweusi ni mpishi tu, halafu ghafla Mzungu kajipaka masizi usoni anaimba. Je, ilikuwa sheria? Na Walatino na Waasia waliomo humo, wao walikuwa na nafuu?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na Horne, kwa sababu ukishamwelewa yeye, haya mengine yote yanajifungua yenyewe.

MGM, studio kubwa ya Hollywood, ilimwajiri mwaka 1942. Alikuwa ameanza kazi ya jukwaani Cotton Club, klabu ya usiku ya Harlem, New York, akiwa na miaka 16. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, aliona hapa pana mlango: apatikane Mweusi mmoja ndani ya studio kubwa ambaye hatavaa aproni ya mtumishi wala kuzungushiwa majani ya porini. Studio ikakubali. Inasimuliwa kuwa baba mzazi wa Horne alikwenda kuonana na Louis B. Mayer, mkuu wa studio, akamweleza kwamba yeye ana uwezo wa kumwajiria binti yake mtumishi, kwa hiyo haoni sababu ya binti huyo kwenda kuigiza utumishi.

Ahadi ikatimizwa, na balaa likaanzia hapo hapo. Akishakuwa si mtumishi, awe nani? Rafiki wa mhusika mkuu? Haikuwezekana. Mpenzi wa mtu? Ndiyo kabisa haikuwezekana. Waandishi wa MGM hawakuwa na kiti cha kumkalisha mwanamke Mweusi aliyevaa gauni la hariri. Wakaamua awe mwimbaji tu. Katika Panama Hattie ya 1942, Thousands Cheer ya 1943 na Words and Music ya 1948, pazia linafunguka, anaimba, watu wanapiga makofi, hadithi inaendelea kana kwamba hakupita mtu. Mara nyingi huimba ameegemea nguzo, na nguzo hiyo mwenyewe aliikejeli baadaye, uzeeni, alipokuwa akisimulia maisha yake jukwaani.

Mafundi cherehani wana neno la kazi hii: kupiga bandi. Kipande unakishikiza kwa uzi wa muda, ili siku ukitaka kukitoa, uvute uzi mmoja kitoke bila kuchana nguo. Nyimbo za Horne zilipigwa bandi kwenye filamu. Kopi zikifika miji ya Kusini mwa Marekani, mwenye sinema au bodi ya ukaguzi ya mji anakata zile dakika chache, na mtazamaji hajui kama kuna kitu kimepungua. Ndiyo maana hakuna anayemsemesha: mhusika mkuu Mzungu angemwambia hata "habari ya jioni", maneno hayo yangemfungamanisha na hadithi, na mkasi ungeacha tundu.

Sasa, ilikuwa sheria? Kulikuwa na tabaka mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kanuni za studio zenyewe. Ziliandikwa mwaka 1930, zikaanza kuuma kweli kuanzia 1934, ofisi ya Joseph Breen ilipopewa mamlaka ya kusoma kila mswada na kutoa muhuri. Studio iliyotoa filamu bila muhuri ilitishiwa faini ya dola 25,000. Kipengele kimoja kilikataza waziwazi kuonyesha mapenzi kati ya Wazungu na Weusi, na hakikuondolewa hadi 1956. Hii haikuwa sheria ya nchi. Wenye studio waliitunga wao na kujifunga nayo wao, kwa hofu kwamba wasipojikagua, serikali itawakagua.

Ya pili ndiyo iliyokuwa sheria hasa. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara kama biashara nyingine, hailindwi na uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo mji au jimbo lolote liliweza kuunda bodi na kukata litakacho, na hali hiyo haikuanza kubadilika mpaka 1952. Mkaguzi aliyesifika kwa ubaya ni Lloyd Binford wa Memphis, aliyeiongoza bodi ya mji huo tangu 1928 hadi katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1945 alipiga marufuku kichekesho kizima, Brewster's Millions, kwa sababu mtumishi aliyeigizwa na Eddie Anderson alizungumza na Wazungu kwa mazoea mno. Mtumishi, nasema! Hata aproni haikumwokoa. Studio zilikuwa na mtu kama Binford kichwani kabla hata kamera haijawashwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukataji ilifanyika kwenye karatasi, wakati wa kuandika.

Hata nyumbani kwake Horne sheria haikuwa mbali. Mwaka 1947 aliolewa na Lennie Hayton, mwanamuziki Mzungu wa MGM hiyo hiyo. Walifungia ndoa Paris, kwa kuwa California wakati huo ilikuwa bado inakataza ndoa ya namna hiyo, na walikaa nayo kimya hadi 1950.

Kisha likaja la Show Boat, mchezo maarufu wa nyimbo, ambalo mimi naliona ndilo linaloumiza kuliko yote. Kuna mhusika humo, Julie, mwanamke chotara anayepita kama Mzungu, ameolewa na Mzungu, mpaka siri inapofichuka. Mwaka 1946, katika Till the Clouds Roll By, filamu ya maisha ya mtunzi Jerome Kern, Horne alivaa nguo za Julie akaimba wimbo wake mmoja. Ni jukwaa ndani ya filamu, bandi tupu. Mwaka 1951 MGM ilipotengeneza Show Boat nzima, nafasi ya Julie alipewa Ava Gardner, Mzungu, rafiki yake Horne. Gardner alijifunza kuimba nyimbo hizo kwa kufuatisha rekodi za Horne. Horne amesimulia kwamba hata rangi ya kujipaka aliyopakwa Gardner ni ile iliyochanganywa mahsusi kwa ajili yake yeye, kwa sababu studio ilimwona mweupe mno kuwa Mweusi. Na mwisho wa yote, sauti ya Gardner nayo ikaondolewa kwenye filamu, ikapachikwa ya Annette Warren.

Kuhusu filamu mlizoona zina Weusi watupu, mbili kubwa zilitoka mwaka mmoja, 1943: Cabin in the Sky ya MGM na Stormy Weather ya studio ya Fox. Haikuwa bahati. Vita vilikuwa vimepamba moto, serikali iliwahitaji askari Weusi na vibarua Weusi, na White alikuwa amekwenda Hollywood kubisha hodi kwenye ofisi za wakubwa. Lakini tazama jinsi filamu hizi zilivyojengwa. Hakuna Mzungu ndani, kwa hiyo hakuna wa kukaa naye meza moja wala kumpenda, na ubaguzi wenyewe hautajwi maana hakuna wa kubagua. Pale bandi ilikuwa kwenye wimbo. Hapa filamu nzima imewekwa pembeni.

Hata hivyo ningekuwa na kikundi kama chenu, Stormy Weather ndiyo ningeianza. Hadithi yake nyepesi kama karatasi, na mapenzi yake yanachekesha pasipokusudiwa: mcheza dansi Bill Robinson aliyezaliwa 1878 anamchumbia Horne aliyezaliwa 1917. Ila waliokusanywa humo hawakukusanyika tena. Yumo mpiga piano Fats Waller, aliyefariki mwishoni mwa mwaka huo huo. Yumo Cab Calloway, mwimbaji na kiongozi wa bendi. Yumo Katherine Dunham, mwanaanthropolojia aliyesoma Chicago, akaenda Haiti na Jamaica kuchunguza ngoma, kisha akazirudisha jukwaani. Na wamo Nicholas Brothers, ndugu wawili wacheza dansi, Fayard na Harold, wanaoshuka ngazi kubwa kwa kurukiana vichwani na kutua miguu imepasuka msamba, ngazi baada ya ngazi, kisha wanainuka bila kugusa chini kwa mkono. Fayard alisema hawakuifanyia mazoezi, walipiga mara moja tu. Fred Astaire, nyota Mzungu wa dansi, aliwaambia hajaona kitu kikubwa zaidi ya hicho katika filamu za muziki, na Astaire hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

Lakini ndugu hawa wenye kipaji cha namna hiyo hawakupewa hata filamu moja kubwa ambayo wao ndio wahusika wakuu. Kote walikoitwa waliingia, wakatia watu wazimu kwa dakika chache, wakatoka.

Kuhusu Bill Robinson kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi akili za studio zilivyofanya kazi. Mwaka 1935 alicheza na mwenza Mzungu katika The Little Colonel. Mwanamke mtu mzima asingewezekana; mwenza huyo alikuwa mtoto, Shirley Temple, mwenye miaka 6. Wakapanda ngazi wakicheza, wameshikana mikono, yeye akiwa na nguo za mtumishi wa nyumbani. Watu waliipenda kupita kiasi, na filamu zao pamoja zikaendelea. Bado kuna miji ya Kusini iliyokata pale mikono inapogusana. Mzee na mtoto!

Masizi sasa. Mila hii haikuanzia Hollywood. Ilitoka kwenye maonyesho ya jukwaani ya karne ya 19, ambamo Wazungu walijipaka kizibo kilichochomwa na kuwaigiza watumwa kwa dhihaka. Filamu ilipoanza kusema, mwaka 1927, katika The Jazz Singer, aliyeimba ni Al Jolson, na wimbo wa kilele, "My Mammy", aliuimba akiwa kajipaka. Jolson alikuwa Myahudi mhamiaji, mtoto wa mwimbaji wa sinagogi, na filamu inasimulia maisha yanayofanana na yake. Wanaoichambua filamu hii wameona jambo la kusikitisha humo: mhamiaji ambaye Marekani haijamkubali bado, anajipaka weusi ili akiupangusa aonekane Mzungu kama wenzake. Wenye studio nyingi walikuwa Wayahudi pia, na waliotunga nyimbo vilevile, Irving Berlin, Kern, Gershwin, Harold Arlen. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1930 mhusika Myahudi alikuwa karibu ametoweka kwenye filamu zao. Walijikata wenyewe.

Astaire alijipaka mara moja, katika Swing Time ya 1936, akidai anamheshimu Robinson. Judy Garland alipakwa akiwa bado msichana. Ila mfano ninaoupenda kufundishia ni Holiday Inn ya 1942. Kuna wimbo wa siku ya kuzaliwa ya Lincoln, unaosifu kuachiwa huru kwa watumwa, na mwimbaji Mzungu Bing Crosby anauimba kajipaka masizi pamoja na mwenzake wa kike. Katikati ya wimbo kamera inahamia jikoni, ambako mpishi Mweusi, aliyeigizwa na Louise Beavers, anaupokea na watoto wake wawili. Leo vituo kadhaa vya televisheni vya Marekani vikionyesha filamu hii wakati wa Krismasi hukata wimbo wote, kwa aibu. Beavers anaondoka nao. Mkasi wa mtu mbaguzi na mkasi wa mtu mwenye haya unaweza kumkata mtu yule yule, nami kwa upande wangu ningeuacha wimbo, niweke maelezo mbele yake.

Kuna ukataji mwingine ambao jicho halioni kabisa, wa sauti. Carmen Jones ya 1954, ya Weusi watupu, ilimfanya Dorothy Dandridge kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike. Dandridge alikuwa mwimbaji kwa kazi yake. Lakini muziki ulikuwa wa opera ya Bizet, na sauti mnayoisikia ni ya Marilyn Horne, Mzungu wa miaka 20 (si ndugu wa Lena). Harry Belafonte naye, mwimbaji mashuhuri, aliimbiwa. Kuazima sauti kulikuwa desturi hata kwa Wazungu. Singin' in the Rain ya 1952 imejengwa juu ya hilo: msichana asiyejulikana anamwazima nyota sauti, mwisho pazia linavutwa na mwizi anaaibika. Cha kuchekesha ni kwamba Debbie Reynolds, anayeigiza mwenye sauti iliyoibwa, katika wimbo wa "Would You?" aliimbiwa na Betty Noyes, na pale anapoonekana akimsemea nyota, anayesikika ni huyo huyo aliyeigiza nyota, Jean Hagen. Betty Noyes hakutajwa kwenye filamu.

Umeuliza kama Walatino na Waasia walikuwa na nafuu. Walikuwa na nafasi zaidi ya kuzungumza, ila bei yake ilikuwa nyingine: hawakuwa watu wa mahali fulani. Vita vilipofunga masoko ya Ulaya, Hollywood iligeukia Amerika ya Kusini, na serikali ya Roosevelt nayo ilitaka urafiki na majirani hao. Fox ikamchukua Carmen Miranda, mzaliwa wa Ureno aliyekulia Brazili. Katika filamu yake ya kwanza ya Kimarekani, Down Argentine Way ya 1940, hakuwahi kusimama na waigizaji wenzake: alikuwa na mkataba wa jukwaani New York, kwa hiyo kikosi cha kamera kilimfuata huko, nyimbo zake zikapigwa picha, zikaletwa kubandikwa. Bandi tena, safari hii kwa sababu ya ratiba. Mbrazili anaimba Kireno katika filamu inayodai ni Argentina, na Waargentina hawakufurahi. Wabrazili nao walimpokea kwa ubaridi aliporudi Rio mwaka huo, wakimwona amekuwa Mmarekani, naye akawajibu kwa wimbo. Kilemba chake na mikufu vilitokana na mavazi ya wanawake Weusi wauza vyakula wa Bahia. Wao wenyewe hawakuitwa Hollywood.

Flower Drum Song ya 1961, kuhusu Wachina wa San Francisco, ilikuwa na waigizaji karibu wote wenye asili ya Asia, jambo geni mno. Nancy Kwan alitoka Hong Kong. Lakini James Shigeta na Miyoshi Umeki walikuwa wa asili ya Japani, na Jack Soo jina lake la kuzaliwa ni Goro Suzuki: wakati wa vita alifungiwa kambini pamoja na Wajapani wengine wa Marekani, akaja kujiita jina la Kichina ili apate kazi. Shangazi wa Kichina aliigizwa na Juanita Hall, Mmarekani Mweusi. Naipenda filamu hiyo pamoja na hayo yote, maana humo Waasia wanagombana, wanatongozana, wanakuwa wapumbavu na werevu kama watu wengine. West Side Story, ya mwaka huo huo, ilipata sifa zaidi na tuzo zaidi, lakini Maria wa Puerto Rico ni Natalie Wood, mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, akiimbiwa na Marni Nixon; na Rita Moreno, Mpuerto Rico wa kweli, alipakwa rangi ya kumfanya mweusi kuliko alivyozaliwa. Alishinda Oscar. Miaka tisa nyuma, katika Singin' in the Rain, alikuwa ameigiza Zelda, msichana wa Hollywood asiye na kabila lolote, bila kupakwa chochote. Kwa hiyo iliwezekana.

Kwa sisi wa huku kuna Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani Mweusi, yule mwenye sauti nzito katika Show Boat ya kwanza yenye sauti kamili, ya 1936. Alikuwa London miaka hiyo, na mwaka 1934 alikuwa akisoma lugha za Kiafrika chuo kikuu, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 1935 aliigiza na kuimba katika Sanders of the River, filamu ya Uingereza, na miongoni mwa waliopewa nafasi ndogo za wazee wa kabila alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi asiye na fedha. Robeson alidhani anatengeneza filamu ya kuheshimu utamaduni wa Afrika. Ilipotoka ikawa ya kusifu mkoloni, naye akaikana. Baada ya Tales of Manhattan ya 1942 aliachana na Hollywood.

Mkimaliza Stormy Weather, tafuteni The Pirate ya 1948. Gene Kelly, nyota Mzungu wa dansi, alitaka kucheza na Nicholas Brothers bega kwa bega, si wao nyuma yeye mbele, na akapata. Wanashikana, wanaangushana, watatu wanafanya mzaha mmoja, na kuna sinema za Kusini zilizokata kipande hicho. Tazameni kisha kinachotokea mwisho wa filamu: wimbo ule ule unarudi, Kelly akiuimba na Judy Garland, na filamu inafungwa hapo. Angalieni vipande vyote viwili mfululizo, halafu jadilianeni kama kile cha kwanza kimeshonwa au kimepigwa bandi. Mimi nina maoni yangu, lakini ningependa kusikia ya kwenu kwanza.